Alama ya 'daima': brashi ya Kichina Fedha na khati tuliyoiacha Lamu

Jumapili moja maji yalikuwa yamepotea kwa siku ya tatu katika ploti yetu hapa Fedha, nami nikashuka ngazi na mitungi miwili kumsubiri mwenye mkokoteni. Kwenye kijiukumbi cha ghorofa ya pili nikamkuta binti wa jirani amepiga magoti sakafuni. Mbele yake palikuwa na gazeti kuukuu limetandazwa, pembeni kibakuli cha wino mweusi ti, na mkononi ameshika brashi wima kama mtu anayeshika mshumaa. Gazeti lenyewe, nasema kwa uchungu kidogo, lilikuwa hili hili unalolisoma, na ukurasa ulikuwa huu huu wa lugha.

"Anti, pita polepole, usinikanyagie."

"Unaandika nini?"

"Kitu kimoja tu. Nimekiandika tangu asubuhi. Mwalimu alisema mara mia mbili."

Binti huyu anasomea Kichina chuo kikuu. Nilidhani masomo hayo ni ya kutafutia kazi tu, maana ukikaa upande huu wa Embakasi huwezi kukosa kuona mkono wa Mchina katika barabara na reli. Sikujua kuwa wanafundishwa pia kupiga magoti. Nikaweka mitungi chini nikatazama. Mwenye mkokoteni alikuja, akapiga mluzi, akaenda zake. Siku ile tulipikia maji ya chupa.

Hicho alichokiandika kinatamkwa 'yong', na maana yake ni 'daima' au 'milele'. Wataalamu watanikumbusha kwamba maandishi ya Kichina si herufi, kwa kuwa kila moja hubeba neno zima au kipande cha neno chenye maana yake. Ni kweli. Basi tuyaite alama. Alama hii ya 'yong' ndiyo wanafunzi wengi wa brashi hurudishiwa tena na tena, kwa sababu mapokeo yanasema imekusanya miondoko minane ya msingi: nukta, mstari wa kulala, mstari wa kusimama, ndoano, na mingineyo ya kushuka na kupanda. Ajabu ni kwamba mwandishi huigusisha brashi karatasini mara tano tu. Miondoko minane imefichwa ndani ya migusano mitano, na hapo ndipo binti alipokuwa akipotea. Kila alipofika penye ndoano brashi ilimteleza, alama ikaonekana kama kuku aliyevunjika mguu.

Nilijaribu. Nilidhani mtu aliyeshika kalamu miaka arubaini hawezi kushindwa na nukta. Nukta yangu ilitapakaa ikafunika kichwa cha habari.

Siri iko katika chombo. Brashi hutengenezwa kwa manyoya ya mnyama, ya mbuzi, ya sungura au ya kicheche, nayo ncha yake ni laini mno. Ukiikandamiza kidogo mstari unanenepa, ukiinua unakonda, ukisita wino unatuama na kila mtu anaona kwamba ulisita. Wino wa jadi ni kipande kigumu cha masizi na gundi, ambacho husagwa juu ya jiwe lenye maji kidogo. Karatasi bora, ile inayoitwa Xuan, inatoka mkoa wa Anhui na hunywa wino papo hapo. Hakuna kufuta wala kurudia juu ya mstari. Brashi, wino, karatasi na jiwe, Wachina huviita hazina nne za chumba cha kusomea. Mwaka 2009 UNESCO iliiingiza kaligrafia ya Kichina katika orodha yake ya urithi wa kitamaduni usioshikika, na mwaka huo huo ikaingiza pia ufundi wa kutengeneza karatasi hiyo ya Xuan.

Nikamuuliza kwa nini 'yong' na si neno jingine. Akanitajia Wang Xizhi, jina ambalo kila mwanafunzi wa brashi hulikuta mwanzoni. Bwana huyu aliishi China karne ya nne. Mwaka 353 alikutana na marafiki mahali paitwapo Lanting, karibu na Shaoxing, wakanywa na kutunga mashairi, naye akaandika dibaji ya mashairi hayo. Dibaji ile ndiyo inayohesabiwa kuwa kilele cha mwandiko wa Kichina, na alama yake ya kwanza kabisa ni 'yong', kwa sababu inaanza kwa kutaja enzi ya Yonghe. Nakala ya mkono wake haipo. Inasemekana mfalme Taizong wa nasaba ya Tang, aliyefariki mwaka 649, aliipenda hata akazikwa nayo. Wanaoisoma leo wanasoma nakala zilizoigwa na waandishi wengine. Yaani kazi inayosifiwa kuliko zote haijaonwa na yeyote kati ya wanaoisifu. Wameirithi kwa kuiandika upya, mkono hadi mkono.

Hapo nikakumbuka kitu. Nikatoa simu nikatafuta picha ya sarafu. Mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na Mkenya Chapurukha Kusimba, wakati huo akiwa katika jumba la makumbusho la Field kule Chicago, pamoja na Sloan Williams, walitangaza kwamba wamepata sarafu ya Kichina katika kisiwa cha Manda, ng'ambo tu ya Lamu. Ni kidude cha duara chenye tundu la mraba katikati, na kuzunguka tundu hilo mna alama nne: 'Yong Le Tong Bao'. Ni fedha ya mfalme Yongle wa nasaba ya Ming, aliyetawala mwanzoni mwa karne ya kumi na tano na kumtuma baharini amiri Zheng He.

Binti akaikuza picha kwa vidole viwili. Akaitazama, akatazama gazeti lake.

"Anti, hii si ile yangu?"

Ndiyo hiyo hiyo. Alama aliyokuwa akihangaika nayo tangu asubuhi ilikwishafika Kenya karne sita zilizopita, ikazikwa mchangani Manda. (Taarifa za jumba lile zilisema sarafu ni ya shaba na fedha. Wakazi wa mtaa wetu tunaweza kujidai kidogo.)

Na kama brashi ya Kichina ilikuja kwetu katika sarafu, sisi nasi tulimfikia mwandishi wa brashi katika umbo la twiga. Mwaka 1414 twiga alifikishwa kwa Yongle kutoka Bengali, na mwaka uliofuata akaletwa mwingine kutoka Malindi. Wakuu wa China walimfananisha na 'qilin', mnyama wa heri wa visasili vyao, na hadi leo Wajapani humwita twiga 'kirin'. Mfalme aliagiza achorwe. Aliyeandika maneno ya sifa juu ya mchoro huo ni Shen Du, mwandishi aliyependwa sana na Yongle, ambaye mwandiko wake mnyoofu, usiotetemeka, uliigwa na makarani wa serikali kwa vizazi. Nakala ya mchoro huo imehifadhiwa katika makumbusho ya kasri kule Taipei. Mnyama anaonekana ameshikwa kamba na mtu mwenye kilemba, na juu yake safu kwa safu za mwandiko wa Shen Du. Mimi hutazama safu hizo zaidi ya ninavyomtazama twiga.

Leo je? Leo Mchina wa kawaida haandiki kwa brashi, na wengi hata kwa kalamu hawaandiki sana. Simu inatosha: unaandika sauti ya neno kwa herufi za Kilatini, simu inakupa orodha ya alama, unagusa moja. Matokeo yake wana msemo kuhusu mtu anayeinua kalamu akasahau alama. Msomi kabisa, akiambiwa aandike jina la mboga kwenye karatasi, anaduwaa. Hofu hiyo ni sehemu ya mvuto wa brashi siku hizi. Asubuhi katika bustani za Beijing wazee huja na brashi ndefu kama ufagio, wakaichovya ndani ya ndoo ya maji na kuandika juu ya vigae vya njia. Maji hukauka kwa dakika chache, maandishi yakatoweka, nao wakaendelea na kigae kingine. Japani, watoto hujifunza brashi shuleni, na tarehe 2 Januari kuna desturi ya kuandika maandiko ya kwanza ya mwaka. Wanafunzi wa sekondari huko wamekwenda mbali zaidi: tangu 2008 hushindana kwa makundi huko Ehime, muziki ukilia, wakikimbia na brashi kubwa juu ya karatasi iliyotanda ukumbi mzima. Wakorea nao wana sanaa yao ya brashi.

Hapa Nairobi mlango ulifunguka Desemba 2005, Taasisi ya Confucius ilipoanzishwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Ualimu cha Tianjin. Ilikuwa ya kwanza barani Afrika. Wako wanaosema ni siasa ya kutafuta nyoyo, na sioni sababu ya kuwabishia. Lakini siasa haimpigishi mtu magoti Jumapili nzima kwa ajili ya ndoano moja. Nilimuuliza binti anapata nini. Akasema kwenye simu kila mtu ana mwandiko mmoja, hapa mwandiko ni wake, hata kama ni mbaya.

Basi nikapanda juu kwangu nikiwa na aibu ambayo sikumweleza.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa. Nyanya yangu alipofariki, sanduku lake moja lilinifikia hapa Fedha, na ndani yake mlikuwa na daftari la jalada la kijani. Alikuwa akiwakopesha majirani mchele, unga na mafuta, na hesabu zote aliziandika mwenyewe, kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Nimekuwa na daftari hilo miaka kumi na moja. Nimefundisha Kiswahili, nimesahihisha insha zisizohesabika, na kila juma nawaeleza wasomaji historia ya maneno. Daftari la nyanya sikuweza kulisoma.

Watu wa bara hushangaa nikisema hivyo. "Si ulipita chuoni?" Nilipita. Nilifundishwa alifu, be, te, na Kurani naisoma. Lakini kusoma Kurani, yenye irabu zote na ambayo nusu yake unaijua kwa moyo, ni jambo moja. Kusoma Kiswahili cha mwanamke mwenye haraka ni jambo jingine. Herufi za Kiarabu zilitengenezewa lugha isiyokuwa na 'p', 'ch', 'v' wala 'g', na isiyotofautisha 'e' na 'i' au 'o' na 'u' kama sisi. Kwa hiyo mwandishi wa jadi aliandika 'p' kwa be, 'v' kwa fe, 'ch' mara nyingi kwa shini, na ile 'm' au 'n' ya mwanzo wa maneno kama 'mbuzi' na 'ndizi' aliiacha kabisa. Aliyeizoea lugha na khati alijaza mwenyewe. Sisi tuliokuja baadaye tunasoma 'buzi'.

Na khati hiyo si ya jana. Katika msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, kuna maandishi ya Kikufi yaliyochongwa mwaka 1107, yenye mapambo ya majani na mafundo. Siyu, katika kisiwa cha Pate, waandishi wa karne ya kumi na nane na kumi na tisa walinakili misahafu kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano, wakaipamba pambizo kwa namna ambayo mtu aliyeona nakshi za milango ya Lamu huitambua mara moja. Tendi zetu kongwe zimetufikia kwa khati hiyo. Utendi wa Tambuka tunaujua kwa nakala yenye tarehe ya mwaka 1728.

Lugha yenyewe imehifadhi ushahidi. Kalamu, karatasi, daftari na hati ni maneno tuliyoyapokea pamoja na ufundi wake. Leo 'hati' kwa wengi ni karatasi ya shamba inayogombaniwa mahakamani, lakini maana yake ya awali ni mwandiko. Watu wa pwani bado husema fulani ana hati nzuri, wala hawamaanishi kwamba ana ploti.

Kalamu ya khati ni ya utete, uliokatwa ncha kwa mshazari. Haikandamizwi kama brashi. Unene wa mstari unatokana na pembe ya mkono, na vipimo vya herufi huhesabiwa kwa nukta za kalamu ile ile, kanuni inayohusishwa na Ibn Muqla wa Baghdad aliyefariki mwaka 940. Wino wake nao ni masizi, ila gundi yake inatoka kwenye mti, si kwenye ngozi ya mnyama kama ile ya Kichina. Kuna hata waliozikutanisha sanaa hizi mbili. Waislamu wa China wana khati yao ya Kiarabu yenye mikunjo ya brashi, na Haji Noor Deen, Mchina mzaliwa wa Shandong, amezunguka dunia akiionyesha.

Kwetu bingwa ninayemtaja kwanza ni Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyezaliwa takriban mwaka 1855 na kufariki 1945. Alikuwa mshairi, mchongaji wa milango, mtengeneza ala za muziki na mwandishi wa khati ambaye ukimwona mara moja humsahau. Wataalamu wa Ulaya waliotaka tendi, akina William Hichens na Ernst Dammann, walimtegemea awanakilie, na kazi zake nyingi leo zimo London na Ujerumani. Mtu wa Lamu akitaka kuuona mwandiko wa jirani yake wa zamani, atafute viza au intaneti. Naliandika hili bila hasira kubwa, maana kama wasingezinunua huenda zingeliwa na mchwa. Lakini Wang Xizhi hakubaki hai kwa kuwekwa kabatini. Waliomweka hai ni wale waliomwiga.

Hatukunyang'anywa khati kwa siku moja. Wamishonari waliandika Kiswahili kwa herufi za Kilatini tangu siku za Krapf miaka ya 1840, serikali za kikoloni zikafuata, na Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 ilipoanza kusanifisha, tahajia iliyosanifishwa ilikuwa ya Kilatini. Silii. Tahajia hiyo ndiyo inayonilisha, nayo inatofautisha 'pishi' na 'bishi' bila kumsumbua mtu. Ninachojutia ni kwamba kuingia kwa moja kulichukuliwa kuwa ruhusa ya kuifukuza nyingine. Kasoro za khati zilijulikana, na watu wetu wenyewe walizishughulikia. Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890, alishirikiana na mmishonari W. E. Taylor katika juhudi za kuitohoa khati ionyeshe sauti za Kiswahili. Zaidi ya miaka mia baadaye, mwaka 1997, Sheikh Yahya Ali Omar, naye wa Mombasa, alichapisha pamoja na P. J. L. Frankl mapendekezo kamili ya mfumo huo. Mapendekezo yapo. Darasa silioni.

Mwaka 2019 wakuza mitaala wetu walitangaza kwamba Kimandarini kitafundishwa kuanzia gredi ya nne. Vyema, sina kinyongo. Lakini naomba nijuzwe ni gredi ya ngapi mtoto wa Kenya atakapooneshwa, hata kwa kipindi kimoja, kwamba Kiswahili kiliandikwa muda mrefu kabla ya Krapf kuteremka Mombasa. Nimekutana na walimu wa Kiswahili, wenye shahada, wasiolijua hilo.

Jumapili iliyofuata nilishuka na daftari badala ya mitungi. Nilimwambia binti ukweli: hili ni la nyanya yangu na sijui limesema nini. Hakucheka. Akafuta mikono kwenye sketi, akalishika kwa ncha za vidole, akaanza kulifungua kutoka upande usiofaa. Nikamgeuzia.

Yeye hajui hata alifu. Lakini mazoezi ya brashi yamemfundisha kitu nilichokuwa sina, nacho ni kuutazama mstari na kuuliza mkono ulianzia wapi. Mimi nilikimbilia neno, nikishindwa naruka. Yeye aliuliza: hapa aliinua? Hii nukta ni ya huyu wa juu au wa chini? Mbona hapa wino umekoza, alichovya upya? Kwa namna hiyo tukagundua kwamba nyanya alichovya kalamu kila alipoanza jina la mdaiwa mpya, kwa hiyo pale wino unapokoza ndipo deni jipya linapoanza. Miaka kumi na moja nilikuwa nikisoma kurasa zile kama kitu kimoja kisichokuwa na mwanzo.

Mstari wa kwanza ulituchukua saa nzima. Nilisoma 'bishi', nikasema hapa kulikuwa na ugomvi. Nikasoma tena, 'bishi mbili', na hakuna ugomvi unaohesabika hivyo. Kisha nikaisikia sauti ya nyanya akipima mchele mlangoni: pishi. Pishi mbili, mchele, na jina la mwanamke ambaye mjukuu wake nilisoma naye.

Binti akataka kuliandika lile neno. Brashi haikukubali, ikalifanya lionekane la Kichina. Utete Fedha haupo, basi nikaleta kijiti cha mshikaki, nikakikata ncha mshazari kwa kisu cha jikoni kama nilivyokuwa nikimwona mwalimu wetu wa chuoni akifanya. Tukachovya kwenye wino wake. Herufi ya kwanza ilitoka imepinda, ya pili ikachanika gazeti, ya tano ikasimama.

Zimebaki kurasa thelathini na nane. Ukurasa wa pili una deni la mbuzi, nadhani ni mbuzi, na Jumapili hii maji yakija mapema tutaanza na hapo.